Benchi Lisilokaliwa na Mtu

Hata mbwa alipata yake. Koko mmoja mwenye sikio lililoliwa alikatiza uwanja akinusanusa, na kwenye skrini kubwa iliyofunika ukuta wa maktaba nukta ya kijani ikawaka, ikamfuata mpaka alipoinua mguu kwenye nguzo ya taa. Shangazi akasimama na fagio lake. Akapunga mkono. Akapiga hatua tatu kulia, mbili kushoto, kama mtu anayejifunza kucheza ukubwani. Ukutani, mahali alipopaswa kuwa, palikuwa peusi.

"Wifi, umepagawa?" aliuliza wifi yake, aliyefagia nusu ya pili ya uwanja.

"Mbwa anaonekana, mimi sionekani."

"Mbwa ameoga."

Skrini ilikuwa na miezi mitatu. Kamera zilizofungwa juu ya nguzo za taa zilimfuata kila mpita njia, na kompyuta ikageuza nyayo zake kuwa nukta ya rangi. Picha inayochorwa na miguu ya mji mzima, ndivyo kibao kilivyosema. Shangazi aliipenda, tusimnyime haki yake. Wiki za kwanza alifagia shingo imegeuka, akiamini nukta ya zambarau ni yake. Kumbe ilikuwa ya muuza magazeti.

Saa nne wakaenda kunywa chai kwenye benchi lao la saruji. Lilijengwa na kaka yake Shangazi, mume wa wifi, mwaka ule kabla kifua hakijamwangusha. Lilikuwa limeinama upande wa kushoto, na chupa ya chai ikiwekwa ovyo iliteleza mpaka mapajani kwa mtu.

"Kaka yako alipima kwa jicho moja," wifi alisema, kama alivyosema kila siku.

"Na jicho hilohilo ndilo lililokuchagua wewe."

Hivyo ndivyo walivyomkumbuka, kwa kumsema. Kaburi lake lilikuwa mwendo wa siku mbili.

Leo benchi lilikuwa limepigwa alama nyekundu ya rangi mbichi. Binti wa kompyuta, yule aliyeitunza skrini, alikuwa amechuchumaa kando akipima ardhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Alama hii ya nini?"

"Linavunjwa kesho. Itawekwa sanamu inayotoa muziki watu wakipita."

"Na sisi tunaokaa?"

Binti akawageuzia kompyuta yake. Uwanja wote ulionekana kutoka juu, na kila benchi liling'aa kwa rangi za waliolikalia. La kwao lilikuwa jeusi ti. "Mashine imehesabu miezi mitatu. Hili halijakaliwa na mtu."

Wifi akajitazama makalio, upande mmoja, kisha wa pili. "Basi haya nimeyaacha nyumbani."

Binti akacheka. Kisha akawaangalia vifuani, kwenye vizibao vyao vya kazi, kicheko kikamkauka. "Ni vizibao," alisema taratibu. "Tuliifundisha kamera isihesabu vizibao vya kazi. Nyinyi mnapita mara mia kwa siku, mngeichafua picha."

"Tungeichafua," Shangazi akarudia. Miaka kumi na tisa aliufagia uwanja ule, na neno hilo halijawahi kuelekezwa kwake. Lilimuuma sana.

"Haiwezi kurekebishwa?"

"Ripoti inaondoka saa sita, mama, na siamui mimi." Binti akapunguza sauti. "Lakini nukta zikitokea hapa kabla ya saa sita, itanibidi niandike kwamba linatumika. Hawatalivunja kabla ya kuja kuona."

Wote watatu wakatazama lango la maktaba, alikosimama msimamizi wa usafi. Mwezi uliopita alimfukuza mzoa taka kwa kukifunga kizibao kiunoni sababu ya joto. Shangazi alikuwa na magoti mabovu, na umri wa kutafuta kazi upya ulishampita. Aliogopa. Alifungua kifungo cha kwanza akiogopa, na cha mwisho akiogopa zaidi, akakikunja kizibao na kukiweka chini. Gauni lake la maua yaliyofifia likapata upepo.

Ukutani ikawaka nukta ya manjano.

"Kumbe niko," alisema, na machozi yakamtoka kabla hajajua.

Wifi akaanza kufungua vifungo vyake.

"Acha, wewe una watoto. Mmoja anatosha."

"Usinipangie. Aliyelijenga ni mume wangu." Akavua, akaketi kwa kishindo, na nukta ya pili ikawaka ukutani. "Mbona yako kubwa kuliko yangu?"

"Muulize aliyetupima."

Benchi likafanya kama ilivyo kawaida yake. Liliwatelezesha kidogokidogo upande wa kushoto mpaka mabega yao yakagusana, na ukutani nukta mbili zikasogeleana, zikashikana. Binti akatazama saa, akainama, akaanza kuandika.

Msimamizi alikuwa ameshawaona. Alikuja akikatiza uwanja kwa hatua ndefu, kidole kimetangulia, kizibao chake cha kazi kimefungwa mpaka shingoni. Shangazi akaushika mkono wa wifi, akainua macho kwenye skrini kutazama ni wapi amefika. Njia yote ilikuwa nyeusi. Ukutani walikuwepo wao wawili, na hakuna aliyekuwa anakuja.