Imefunguliwa Kwingine

Ridha ndiye aliyeuandika ule mfumo wa simu wa kuwekea miadi ya matibabu ya macho, na ndiye aliyetia sharti la mtu mmoja mlango mmoja: akaunti yako ikifunguliwa kwenye simu ya pili, ile ya kwanza inatolewa nje papo hapo. Alilitia kwa sababu ya mama yake mwenyewe. Bi Mwanakhamis, kule Ole, alikuwa amegawa neno lake la siri kama watu wanavyogawiana kaa la moto jikoni. Nusu ya mtaa iliingia kwa jina lake, wakafutiana maandishi bila kujua.

Kabla ya hapo Ridha alimsihi alibadilishe lile neno. Mama akamwuliza kama anataka amfungie mlango Asya, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Ridha hakubishana. Alirudi ofisini kwake Madungu, akaufunga mlango mwenyewe kwa kompyuta. Kwa maoni yake, mama alijaaliwa kila kitu isipokuwa kujua kukataa. Ndivyo tulivyo tukishasoma: tusichokifahamu tunakiita ujinga wa wazee.

Sasa mama alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazima, la kulia lilimwonesha dunia kama kwa tundu la ufunguo. Daktari wa upasuaji huja kisiwani mara moja kwa mwaka, nafasi zake ni chache, na zote hutolewa kwenye mfumo asubuhi moja, awahiye ndiye apataye. Kumpenyeza mtu kwa mlango wa nyuma hakuwezekani. Hilo nalo Ridha alilihakikisha, jamaa wasije wakamsumbua. Na maradhi haya hayasubiri mwaka mwingine. Kilichozima hakiwaki tena.

Asubuhi ya siku yenyewe Ridha alikaa mbele ya kompyuta roho juu. Aliwaona kwa macho ya moyo watu wa Ole wakigombania akaunti moja, wakitoana, na mama yake akisukumwa nje kila akijaribu. Akaona heri aingie yeye amwahie. Hakupiga simu kuuliza. Angeuliza nini, na majirani wale anawajua?

Nafasi zikafunguliwa. Akaandika jina la mama na lile neno la siri lisilo siri, akaingia. Akajaza umri, akajaza shehia, akabonyeza. Mfumo ukamjibu kwa maneno aliyouandikia mwenyewe, kwamba nafasi zimejaa.

Alikwenda Ole kwa pikipiki akitafuta wa kumgombeza. Akamkuta mama barazani na Asya, na Asya alikuwa analia. Ndiye aliyesimulia. Jana baada ya Isha wanawake walikubaliana kwamba leo hakuna atakayegusa simu yake mpaka Bi Mwanakhamis apate nafasi. Simu zote zilizimwa, zikatiwa kwenye ungo pale barazani, hata ya jirani mwenzao Jaribu, ambaye mwanawe naye ana maradhi ya macho. Asya peke yake ndiye aliyeingia, kwa jina la Bi Mwanakhamis. Alishajaza kila kitu, kilichobaki ni kubonyeza tu, ndipo yakaja yale maandishi: umetolewa, akaunti imefunguliwa kwingine.

Ridha akautazama ungo. Simu zilikuwa zimo bado, zimelaliana, zimezimwa kweli. Maji yakishamwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga ni yeye.

Mama akageuza uso kumtafuta. "Mwanangu, weye ndiye mjuzi wa mambo haya. N'nani aliyenitoa?"

Angeweza kusema mtandao. Mtandao husingiziwa kila siku na haujajitetea hata mara moja. Lakini alijua mama hataamini, na kila mwenye simu kwenye ungo ule atatazamwa kwa jicho baya mpaka kufa kwake.

"N'mie, Mama. Nilitaka kukuwahia."

Bi Mwanakhamis akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nshaanza kumdhania Jaribu."

Akamwambia Asya awarudishie watu simu zao. Asya akabeba ungo akatoka, wakabaki wawili.

"Sogea hapa penye mwanga," mama akasema, "nikutazame vyema."

Ridha akasogea. Alitamani kuinama kwa aibu, lakini akauinua uso wake na kuuweka pale jicho lilipofika, akautuliza hapo mpaka mama aliposema basi.