Injini na Kitufe cha Chuo

Mama wa binti huyu alikuwa dobi, na dukani kwake nguo haikuandikwa jina la mtu. Kila mteja alikuwa na rangi yake ya uzi, uliopigwa mshono mmoja ndani ya kola: mwekundu wa mwalimu mkuu, mweusi wa mchungaji, wa manjano wa yule bwana wa benki mwenye mashati yanayofanana yote. Hakuna shati lililowahi kupotea. Basi binti yake alipoanza kupoteza vitu, leo funguo, kesho miwani, keshokutwa siku nzima isijulikane imekwenda wapi, mama alifanya lile alilolijua. Alimfunga uzi mkononi. Wa bluu ulikuwa wa kunywa dawa. Mweupe wa kuzima jiko. Wa kijani, uliofungwa Jumatatu ya wiki ile, ulikuwa wa chuo: kabla ya Ijumaa saa sita mchana afungue simu, abonyeze kitufe cha kukubali nafasi. Asipobonyeza, nafasi anapewa mwingine. Kazi yenyewe ya kidole gumba tu.

Nyumbani na mtaani binti huyo aliitwa Injini, hata wateja walimwita mama yake Mama Injini. Jina lilimpata angali darasa la tatu, kwa sababu kumwasha ilikuwa shughuli, lakini akishawaka hazimiki. Angeweza kupitisha muhula mzima akichora vidudu pembeni mwa daftari, halafu mtihani ukikaribia akakesha na miguu ndani ya beseni la maji baridi, akaibuka wa kwanza. Watu walicheka, wakampendea hivyo hivyo. Kuuliza kama mtoto wa watu anaumia ndani ya kichekesho hicho, nani alikuwa na muda?

Mwaka wa mwisho wa sekondari alikwenda kwa mwendo huo huo bila kupumzika. Alifaulu kwa alama ambazo baba yake, dereva wa lori, alizitangaza kwenye kila kituo cha mafuta alichosimama. Chuo kikuu kikamchukua kwa masomo ya uhandisi, na baba akapata mzaha wa kudumu: Injini anakwenda kusomea injini. Mwenyewe alikuwa amezimika tayari. Hakulia, hakupandwa na homa. Alikaa tu. Chakula alikula kwa kuwa kimewekwa mbele yake, na rafiki zake wakipiga aliitazama simu mpaka inyamaze.

Walimpeleka kwa daktari. Daktari, mwanamke mpole asiyekuwa na haraka, alisema mambo mawili. La kwanza lilikuwa na jina refu, na maana yake ni kwamba Injini alizaliwa na tatizo la umakini: ubongo wake haujui kuchagua lipi lisikilizwe na lipi liachwe lipite. La pili lilikuwa fupi. Mtoto huyu amechoka kupita kiasi, alisema, msimsukume. Familia ilirudi nyumbani na jambo la kwanza peke yake. Siwalaumu sana. Kusahau kunafungiwa uzi, lakini uchovu utaufungia wapi?

Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa kusahau. Amechelewa, amesahau. Hajachana nywele, maskini amesahau. Injini aliliacha neno hilo limfunike, kwa sababu kueleza kulitaka nguvu ambazo hakuwa nazo.

Ijumaa asubuhi walikuwa dukani. Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye meza mbili za pasi na kamba za kutundikia nguo kutoka ukuta hadi ukuta, ukitaka kupita lazima uiname. Pembeni sanduku la safari ya chuo lilikuwa wazi, limejaa nusu. Mama alikuwa amepiga pasi mashuka, taulo, mpaka soksi, heshima ambayo hata bwana wa benki hakuwahi kufanyiwa. Ilipofika katikati ya asubuhi akabeba furushi la sare za hospitali kuzipeleka, akasimama mlangoni.

Alimkumbusha habari ya chuo. Injini akasema anayo simu mkononi, na kweli alikuwa nayo. Mama akaridhika, akaenda zake.

Haukupita muda baba akapiga kutoka barabarani, lori likiunguruma nyuma yake, akauliza kama lile jambo la leo analikumbuka. Injini akamjibu analikumbuka. Baba akacheka kwa furaha, akamwambia ndiyo maana anampenda, akakata.

Akabaki na simu. Kitufe kilikuwa pale, cha kijani, kipana, kimeandikwa neno moja. Siku nyingine kelele zingemvamia zote kwa pamoja: bomba linalodondosha, redio ya fundi viatu, feni, viatu vya wapita njia, na yeye angeifuata kila moja mpaka asahau alikaa kufanya nini. Asubuhi hiyo hakuna kilichoingia. Kichwa chake kilitulia mahali pamoja, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Aliona vizuri kabisa kitakachofuata akibonyeza. Aliuona ukumbi, kitanda cha juu bwenini, vitabu vizito, mitihani, na yeye mwenyewe akijiwasha tena kwa nguvu, muhula baada ya muhula, na watu wakipiga makofi. Akakiamuru kidole kibonyeze. Kidole hakikwenda. Akakiamuru tena. Hakuwa na hofu, wala ukaidi, wala huzuni. Alikitazama kidole chake kama anavyotazamwa mteja ambaye bado hajaamua aache nguo au aondoke nazo.

Saa sita ilipofika, kitufe kikageuka kijivu. Chini yake pakatokea maneno ya kuwashukuru wote walioomba. Injini akaiweka simu juu ya meza, akaanza kufunga vifungo vya mashati ya bwana wa benki, moja baada ya jingine.

Mama alirudi ametoka jasho. Aliichukua simu mwenyewe, akasoma. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya kujiambia, "Amesahau." Halafu akapiga namba ya chuo, akaweka spika, akaanza kubembeleza kama ambavyo hakuwahi kumbembeleza mteja yeyote. Mwanawe si mzembe. Mwanawe ana tatizo, daktari analijua, mwulizeni. Anasahau. Yeye mama ndiye mwenye kosa, alitoka, alimwacha peke yake.

Karani wa chuo alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema wanayo huruma kwa mambo ya ugonjwa, na nafasi bado hajapewa mtu. Mwanafunzi mwenyewe akithibitisha kwamba alisahau kwa sababu hiyo, yeye karani ataifungua sasa hivi. Mama akamsogezea Injini simu, uso umemng'aa, akamnong'oneza aseme hilo tu, basi.

"Ulisahau, binti?" karani akauliza.

"Hapana," Injini akasema. "Sikusahau."

Mama akafumba macho.

"Nilikuwa nakitazama. Nimekitazama mpaka kikafungwa. Sikuweza kubonyeza."

"Sasa hapo mimi niandike nini? Nafasi unaitaka au huitaki?"

Injini hakutaka kumjibu ovyo. Akajipekua, kama mama anavyopekua mifuko ya nguo kabla ya kuzitia majini, akitafuta popote penye kutaka, au hata kutotaka. Hakukuta kitu.

"Sijui," akasema.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba jibu hilo hana pa kuliweka, kwamba wapo wanaongoja, kwamba mwakani milango itafunguliwa na anaweza kuomba upya kama watu wengine. Akamtakia afya njema, akakata.

Mama akakamata chupa ya maji, akalinyunyizia shati lililokuwa limeshalowa. Akaliweka chini. Akalishika tena.

"Neno moja tu," akasema. "Kwa nini hukusema umesahau?"

"Kwa sababu ningeenda, mama."

Dobi huyo alikuwa na ulimi, mtaa mzima unamjua, na mwenye deni la shati alipita upande wa pili wa barabara. Sasa alimtazama binti yake, macho, mabega, mikono iliyokuwa bado imeshika kifungo cha mtu, akauliza kwa sauti ndogo.

"Tangu lini uko hivi?"

"Tangu kabla ya mtihani."

Mama akahesabu moyoni. Ile ilikuwa miezi aliyotembea kifua mbele. Ilikuwa miezi ambayo kila mteja aliyeingia kuchukua suruali yake aliondoka pia na habari za Injini, anavyosoma bila kulala, anavyojituma, mtoto wa ajabu.

"Na mimi nilikuwa nakusifia," akasema. "Nilikuona vile, nikawa nakusifia."

Akachomoa waya wa pasi ukutani, mchana ule, na kazi za watu zimejaa kamba nzima. Akakaa juu ya kapu la nguo chafu, akalia bila sauti, na alipotafuta cha kujifutia akaokota lililokuwa karibu, shati la mchungaji.

Injini alimtazama. Alijua kabisa kwamba hapo mtu hulia. Akaenda kukaa sakafuni karibu na miguu ya mama, akaegemeza kichwa gotini pake, akayangoja machozi. Hayakuja. Aliusikia mkono wa mama ukishuka kichwani mwake na kutulia. Akajiandaa kuambiwa ajikaze, kama siku zote.

Mama hakumwambia.