Waliokwepa Mizani

Ukitaka kumtoa yule daktari mtafiti kwenye upole wake, mwambie watu wanene ni walafi tu. Hapo utajuta kufungua mdomo. Atakuchorea tumbo na utumbo juu ya karatasi yoyote iliyo karibu, hata bahasha ya mshahara wako, akueleze kwamba mgonjwa wa kisukari akipunguzwa mfuko wa chakula kwa kisu, sukari hushuka ndani ya siku chache, kabla hata suruali haijaanza kupwaya. Kwa nini? Swali hilo ndilo lililomla ujana. Hospitalini walimbandika jina la Bwana Mizani, naye akaitika.

Kesho yake alikuwa asome ripoti mbele ya bodi ya hospitali. Ripoti ilisema kwamba miaka mitano baada ya upasuaji, karibu wagonjwa wote wameachana na dawa za kisukari. Bodi ikikubali, wodi mpya ingejengwa kwa ajili ya upasuaji huo, na mkuu wake angekuwa yeye.

"Na hawa wasiorudi kupimwa?" muuguzi wake aliuliza, akipanga vichupa vya damu kwenye friji ya maabara. "Ni theluthi nzima, daktari."

"Mtu akishapona atafuata nini hospitali? Harufu ya dawa?"

Muuguzi akacheka. "Haya, bwana. Lakini mmoja wao ni shangazi yako. Huyo naye umempoteza?"

Hapo alimpatia. Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na ndiye aliyekubali kupasuliwa wa kwanza, wenzake walipokuwa bado wanaogopa. Siku hizi kila akiitwa kupimwa hakosi udhuru: mara harusi, mara goti, mara ana mgeni. Jioni hiyo mtafiti, ambaye kwa kazi alikuwa hajafika kwake miaka, akampitia bila kumwarifu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona ghafla hivi?"

Hakuinuka kitini. Alikuwa amejifunika shuka toka kifuani hadi miguuni, na joto lote lile. Mtafiti alikwenda jikoni kutafuta maji ya kunywa. Kwenye mlango wa friji, kando ya mayai, akakuta dawa za sindano za kisukari zenye lebo ya hospitali nyingine.

Alirudi sebuleni, akapiga magoti, akalifunua shuka. Unene wote ulikuwa umerudi. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimefungwa kitambaa, na chini ya kitambaa kilikuwa cheusi.

"Sukari imerudi lini?"

"Ya nini kufukua mambo?"

"Lini, shangazi?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Na hukuniambia! Mimi, daktari wa sukari hiyo hiyo!"

"Ndiyo maana sikukwambia. Ulisimama mbele ya wageni ukanishika bega, ukasema huyu amepona. Sasa nipande mizani yako nikuharibie kazi? Mchelea mwana kulia hulia yeye, najua. Basi ndiyo hivi nalia." Akatazama ukutani. "Na usidhani ni mimi tu. Tupo wengi kule hospitali nyingine. Tukikutana kwenye foleni tunaulizana habari zako. Tulishakubaliana, kijana wetu tusimwaibishe."

Kumbe! Waliokonda walikuja kupimwa kwa madaha, walionenepa upya wakajificha, naye akahesabu waliokuja na kuyaita hayo matokeo. Aliona aibu. Zaidi ya aibu aliona uchungu, maana kidole kile kingewahiwa kingepona. Angeweza kunyamaza, bodi isingejua, na wodi ingejengwa. Wazo hilo lilimpitia, tusimsingizie utakatifu.

"Asubuhi nakupeleka kwa daktari wa upasuaji," alisema.

"Asubuhi si una bodi?"

"Nitawaambia ripoti haifai. Na wenzako wapigie simu. Waje wote wapimwe."

"Wakija wote si utaumbuka, mwanangu?"

"Acha niumbuke."

Shangazi akachukua simu yake.

"Mwenzangu, kijana anatuita," alisema. "Ndiyo, ameshajua. Hapana, wala hajakasirika." Akamgeukia mtafiti, aliyekuwa bado ameushika ule mguu. "Analia tu."