Kitanda cha Mwerezi

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hao wahenga hawakuwahi kulala kwenye kitanda cha marehemu seremala, ubavuni mwa mjane wake.

Cheche alilala. Wenzake karakanani walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa mchomeaji vyuma, na mashati yake yote yalikuwa na vitundu vya moto. Alipomwoa mama yule, mama alikuja na sufuria zake, sanduku la nguo, na kitanda cha mwerezi alichoundiwa na mumewe wa kwanza. "Kitanda changu siachi," alisema. Cheche akacheka, akabeba upande mmoja. Penzi likiwa jipya mzigo hauna uzito.

Kilichomtesa baadaye ni kimya. Kitanda kile hakikulia. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, siku nyingine akajitupa makusudi kama gunia la saruji. Wapi! Mbao zilibonyea kidogo, zikarudi mahali pake, kama mzee aliyesukumwa na mtoto akaamua kusamehe.

"Hivi huyu bwana alitumia misumari gani?" aliuliza siku moja, kama mtu asiye na neno.

Uso wa mkewe ukachangamka. "Misumari? Hakuna hata mmoja! Miguu aliichonga ingali mibichi, akija kulala ananukia mwerezi mpaka shingoni. Zile mbao za ubavuni alizikausha juu ya jiko mpaka zikawa kama biskuti. Kisha akatia kavu ndani ya bichi. Mbao kavu ikanywa unyevu, ikavimba. Mguu nao ulipokauka ukanywea, ukaibana. Alikuwa akisema hapo hawaachani tena mpaka moto."

Alikuwa akisema. Cheche alilimeza neno hilo likamkwama kifuani. Mwanamke huyuhuyu hakumbuki hata tofauti ya rodi nene ya kuchomea na rodi nyembamba, na ameelezwa mpaka mdomo umemkauka mwelezaji.

Karakanani alimweleza mwenzake, jitu moja fupi waliloliita Nati.

"Kaka, unamwonea wivu mtu aliyezikwa?"

"Aliyezikwa nani? Mimi ndiye ninayelala juu ya kazi ya mikono yake kila siku!"

Nati alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Basi muundie cha chuma. Chuma hakina marehemu."

Cheche akaunda. Alikunja mabomba, akatia maua kichwani na miguuni, akasugua kila kovu la moto, akapaka rangi ya dhahabu. Mkewe alipokiona alipiga makofi. "Jamani! Utadhani cha hotelini." Kile cha mwerezi kikahamishiwa chumba cha pembeni, na Cheche akajiona bwana wa nyumba yake.

Mvua za baridi zikaja. Chuma nacho kikaanza tabia zake. Ukivuta blanketi kinapiga mluzi, ukikohoa kinajibu. Alfajiri moja Cheche alipapasa upande wa pili akakuta shuka tupu. Alimkuta mkewe chumba cha pembeni, juu ya mwerezi, amejikunja, amelala mdomo wazi kama mtoto aliyeshiba.

"Nimekukosea nini?" alimuuliza wakati wa chai.

"Hujanikosea, mume wangu. Chuma kinanyonya joto la mtu. Mti unamwachia mtu joto lake."

"Na hilo nalo alikuwa akisema?"

Mkewe aliweka kikombe chini taratibu. "Hilo nasema mimi. Mgongo ni wangu."

Mkewe alipokwenda kwenye kazi yake ya ushonaji, Cheche hakwenda karakanani. Aliingia chumba cha pembeni na spana. Akainama kutafuta boliti, kwa mazoea tu, kisha akajiona mjinga. Akachukua nyundo. Nyundo ilirudi ikitaka kumpiga usoni. Akavuta, akasukuma, akakanyaga kwa buti. Kavu na bichi walikuwa wameshikana kama walivyoagizwa. Wivu ukamla maini, akaenda kuazima msumeno kwa jirani.

Juu, mti ulikuwa wa rangi ya vumbi, umezeeka kwa mikono na miaka. Meno ya msumeno yalipozama kidogo tu, ndani ukatokea wekundu mbichi kama uliokatwa asubuhi hiyo. Kisha ikatoka harufu. Mwerezi huficha mafuta yake kwenye kiini cha ndani ili wadudu wasiuguse, na ganda la juu lilikuwa limekauka likayafungia humo miaka yote. Sasa Cheche aliyafungulia mlango. Harufu ilijaa chumbani, ikatambaa ukumbini, ikamwingia puani mpaka machozi. Hakuacha. Alikata mguu wa kwanza, wa pili, wote. Unga mwekundu ulimganda kwenye jasho la shingo, mikononi, kwenye ndevu.

Jioni alisikia mlango wa mbele. Kapu likaanguka ukumbini.

"Umerudi?" mkewe akaita. Sauti hiyo Cheche hakuijua. Ilikuwa sauti ya msichana.

Mama akatokea mlangoni, akamwona yeye, akaona kitanda. Cheche alijikaza kisabuni akingoja matusi.

"Nitakuundia kingine," akasema.

Mkewe aliruka vipande, akaja mpaka alipokuwa amesimama, akazamisha uso kwenye shingo yake. Akavuta pumzi ndefu. Mikono yake ikamzunguka mgongoni, ikakaza, namna ambayo haikuwahi kumkaza tangu siku ya ndoa. Cheche hakujua aweke wapi msumeno.

"Leo usioge," mkewe alisema, macho kayafumba.

Alipokwenda kuwasha jiko, Cheche alitoka uani, akajaza ndoo, akashika sabuni. Shingo ilimwasha. Alisimama hapo, sabuni mkononi, mpaka aliposikia anaitwa ndani kwa ile sauti. Akaiacha ndoo, akaingia.