Mlango wa Kushoto

Gari jeusi lilikuwa linang'aa kiasi kwamba ungeweza kuchana nywele mbele yake, na hilo ndilo lililomuudhi Spiriti. Jina hilo alibandikwa na wenzake pale gereji, kwa sababu kila gari lililopigwa polishi yeye alitaka lifutwe kwa spiriti na maji kabla ya kukabidhiwa. Walimcheka wee, mpaka jina likamganda. Naye hakulikataa. Yapo majina mabaya kuliko hilo.

Shida ni kwamba gereji ilikuwa ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na shemeji alikuwa na sheria yake: gari likishang'aa, usiliguse tena. Toa lile vumbi jeupe la polishi kwenye mianya ya milango na pembeni mwa taa kwa brashi laini, basi, mwite mwenye mali. Mafuta ya polishi yanayobaki juu ya rangi yaache yalivyo. Yanajaza mikwaruzo, yanaifunika, na mteja anaondoka meno yote nje. Mvua mbili tatu zikipita, mafuta yamekwisha na mikwaruzo imerudi, lakini hapo nani ataapa kwamba haikuanzia barabarani?

"Funika kombe mwanaharamu apite," shemeji alipenda kusema, utadhani kombe ni lake na mwanaharamu ni mteja.

Spiriti alikuwa ameosha mazulia ya magari ya watu mpaka magoti yakaota sugu, ndipo akaruhusiwa kushika mashine ya polishi. Gari hili lilikuwa la kwanza kwake. Boneti na ubavu wa kulia alipiga yeye. Ubavu wa kushoto alipiga shemeji mwenyewe, ili amwonyeshe kazi inavyofanywa. Na asubuhi hiyo alikuwa amemwambia waziwazi: likitoka vizuri, mashine ni yako, ukileta ubishi wako, unarudi kwenye mazulia.

Sasa mwenye gari alikuwa njiani, na Spiriti alikuwa ameshika chupa ya spiriti.

"Shemeji, weka hiyo chupa chini," mwenye gereji akamwambia.

"Nafuta boneti tu. Ni kazi yangu, nataka kuiona."

"Si unaiona hiyo? Inang'aa!"

"Naona mafuta, shemeji. Rangi bado sijaiona."

Akanyunyiza, akafuta kwa kitambaa laini, akakigeuza upande mkavu, akafuta tena. Mng'ao ule mzito ukaondoka. Jua lilipopiga, ikajitokeza mikwaruzo myembamba ya mviringo, imezungukana boneti nzima, kila mahali alipokandamiza mashine kuliko ilivyotakiwa. Yake yote. Sisemi uongo, mkono ulishaanza kuelekea kwenye kopo la polishi, ayarudishe yale mafuta yamsitiri. Akaurudisha mfukoni kwa nguvu, akiwa amejikasirikia.

"Haya, umejipalia makaa!" Shemeji alicheka mpaka akajishika kiuno. "Nenda, shemeji yangu. Mazulia yamekukumbuka."

Hapo hapo mwenye gari akaingia. Alikuwa mkunga, mama wa makamo mwenye mikono mipana na sauti ya kuamrisha, ametoka zamu na uchovu wake. Akainama juu ya boneti.

"Hii mizunguko ilikuwepo?"

"Mama, hiyo ni jua tu linavyo..." shemeji akawahi.

"Ni mimi," Spiriti akamkata. "Nilikandamiza mashine. Mafuta ya polishi yalikuwa yameificha, nimeyafuta. Niachie gari mpaka jioni, nitairekebisha."

Mkunga akamkazia macho. "Kwa hiyo ningeondoka bila kujua?"

"Ungeondoka unafurahi, mama."

Mkunga akaguna. "Mficha uchi hazai. Nimewaambia hivyo wanawake wengi, sikujua iko siku nitaliambia gari." Lakini hakutabasamu. "Na kwingine je?"

"Kwingine safi kabisa!" Shemeji alikuwa ameshafika upande wa pili. Akaegemea mlango wa kushoto, kiganja chote kimetandazwa juu yake. "Huku nimepiga mimi mwenyewe."

Ndipo Spiriti alipoelewa. Kumbe si boneti shemeji aliyokuwa anaiogopa, ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Si leo tu, wala si gari hili peke yake. Akaikumbuka miaka yote ile ya kupiga magoti, akachukua kitambaa kipya, akazunguka gari.

"Shemeji, ondoa mkono."

"Nimesema nenda kwenye mazulia!"

"Mazulia utaosha wewe. Mimi nimeshaonyesha ya kwangu. Ondoa mkono."

Shemeji akamgeukia mkunga, akacheka kidogo, akingoja mtu wa kucheka naye. Mkunga alikuwa anautazama mlango. Vijana wa kuosha magari nao walikuwa wamefunga bomba la maji, wanatazama. Shemeji akauondoa mkono.

Kiganja kikabaki pale pale mlangoni, vidole vyote vitano, kimejichora kwenye mafuta. Spiriti akakinyunyizia spiriti, akaanza kufuta.