Kuku Chini ya Kitanda

Msinionee huruma. Haya niliyataka mwenyewe.

Kipindi cha hadithi nilikianzisha mimi, darasa la pili. Nasimulia kwa Kiingereza, polepole, kwa mikono na macho na mbwembwe zangu zote, na watoto wanachora wanachosikia. Mtoto akichora sawa, basi kasikia. Mwalimu mkuu hakukipenda hata kidogo. "Unawachezea watoto wa watu," aliniambia. Akaongeza kwamba mkaguzi anakuja baada ya wiki mbili. Akiridhika kipindi kinabaki, asiporidhika kinafutwa kwenye ratiba.

Roho ikaniruka. Badala ya kuwaamini wanafunzi wangu, nikachagua hadithi moja, ya bibi aliyepoteza kuku akamkuta chini ya kitanda, nikawasimulia kila siku, mpaka wakawa wanachora kabla sijafungua mdomo. Hata mimi nilishaikinai. Siku moja kwa uchovu ulimi ukateleza bila mwenyewe kutambua, nikasema kuku yuko juu ya meza. Watoto arobaini wakachora chini ya kitanda. Mmoja tu akachora juu ya meza: binti wa fundi viatu, tunayemwita Kimya kwa vile hasemi mpaka aulizwe.

Na mimi kwa kiherehere changu nikanyanyua daftari lake, darasa zima likaona. "Mwangalieni huyu! Hadithi ile ile wiki nzima, na bado hajui kusikiliza!" Wakamcheka. Kimya akamfuta kuku wake kwa ufutio mpaka karatasi ikatoboka. Jioni, naosha vyombo, ndipo nikakumbuka nilichosema. Nikajiambia, ah, mtoto yule, kesho atakuwa kasahau. Sikumwomba radhi.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, akakaa nyuma kwenye kiti cha watoto magoti yakimfika kidevuni. Kabla sijaanza akaninong'oneza: "Mwalimu, hadithi yako nimewasikia wakiisimulia uwanjani. Leo ibadilishe. Apotee mbuzi, akutwe juu ya paa."

Weee! Lakini nilijitahidi, jamani. Nililia kama mbuzi, nikapanda kiti kuonyesha paa, watoto wakacheka mpaka basi, kisha wakainama kuchora. Mkaguzi akapita dawati kwa dawati. Kuku chini ya kitanda. Kuku chini ya kitanda. Arobaini na mmoja, Kimya naye akiwemo.

"Tatizo ni nini, Mwalimu?" akauliza, wala hakuwa na ukali. Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni, ananitazama. Ningesema kweli pale pale, yangeisha. Badala yake nikasema, mbele yao wote: "Darasa hili zito, mama. Hawasikilizi."

Waliotangulia kuinamisha vichwa ni wale wa mbele. Wakubwa wakaondoka kwenda ofisini kuandika ripoti.

Kengele ya mapumziko ilipolia nikamzuia Kimya. Nikachuchumaa mbele ya dawati lake.

"Mwanangu, hukusikia nikisema mbuzi?"

"Nilisikia, Mwalimu."

"Alikuwa wapi?"

"Juu ya paa. Ukapanda kiti."

"Sasa mbona umechora kuku?"

Akachezea penseli yake kwanza.

"Siku ile nilichora nilichosikia," akasema, "ukawaonyesha wenzangu."

Nikasema "nisamehe, mama" kwa sauti ambayo sijui hata kama aliisikia. Nikamwomba daftari lake. Akasita, akalifumbata kifuani, na hapo ndipo nilipoona nimemfanya nini huyu mtoto. Nikamwambia safari hii mwenye makosa ni mimi, na ninakwenda kulisema. Akanipa.

Nikatafuta ukurasa ule uliotoboka, nikaweka kidole pale, nikaenda ofisini kubisha hodi.