Kwa Yote

Klementina alikunjua mkono wa kulia mpaka kiwiko kilipogoma, akaulaza pajani. Miaka miwili hauinui jembe. Shemeji yake, Tadei, aliupiga kwa mpini, shambani, wiki ya nne baada ya kumzika mumewe, akisema shamba limerudi kwa ukoo. Heka mbili. Miaka kumi na minane Klementina alikuwa akifukia nyasi chini ya matuta zioze, mpaka udongo ukawa mweusi kama sufuria.

Leo baraza la kata lilikuwa limekaa kusuluhisha. Upepo wa Ufipa ulipita chini ya mlango, wazee wakajifunika makoti.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Zita. Kaa." Mzee Christopha hakuinua macho. "Shauri lako fupi. Umemsamehe shemeji yako, au hujamsamehe?"

Klementina akageuka. Kwenye benchi la Tadei alikaa Gaudiosa, kiongozi wa kikundi cha sala cha akina mama, daftari mapajani.

Daftari hilo alilijua. Tangu apigwe, Baba Yetu ilikuwa ikimkwama. Akifika kwenye kuwasamehe waliotukosea, mdomo unafunga. Mwaka huu, kwenye mafungo ya Kwaresima, wanawake walisimulia majeraha yao mmoja mmoja. Gaudiosa alimkumbatia mpaka akasema: namsamehe Tadei. Akalia mpaka akachoka. Kesho yake kanisani alisali Baba Yetu mpaka Amina bila kukwama, akarudi nyumbani akiimba barabarani peke yake. Gaudiosa alikuwa ameandika maneno, akamwambia atie dole. Tukuombee kwa jina, alisema.

"Dada, lile si daftari la maombi?"

"Ni la maombi, mdogo wangu. Na yamejibiwa. Si hivi mnapatana?"

Mzee Christopha akalivuta, akasoma: "'Mimi Klementina nimemsamehe shemeji yangu Tadei kwa yote.' Dole lako hili?"

"Langu. Nilimsamehe kunivunja mkono. Shamba sikulitaja."

"Imeandikwa kwa yote. Shamba haliko kwenye yote?"

"Shemeji," Tadei akasema, "Mungu naye unampimia kwa kisado?"

Wazee wakacheka. Gaudiosa hakucheka. Alimsogelea Klementina, akamkumbatia vilevile kama siku ya mafungo.

"Usiwe mgumu, mama. Tadei ametugawia kipande cha chini cha shamba, pale penye udongo mzuri. Tutajenga nyumba ya sala ya wanawake walioumizwa. Na wewe utakuja."

"Kipande cha chini ni changu."

"Ndiyo maana nakwambia utakuja."

Mzee Christopha akatazama saa. "Mama Zita, hatukulazimishi. Sema hapa mbele yetu kwamba hujamsamehe, tufute haya, shauri lipande wilayani. Neno moja tu."

Klementina alijaribu neno lile moyoni, sijamsamehe, akahisi mdomo ukianza kufunga kama zamani. Miaka miwili aliishi na mdomo ule.

"Nimemsamehe," akasema. "Na shamba ni langu."

Karani akaandika sentensi ya kwanza, akatia nukta, akamsogezea kidau cha wino atie dole.